Mali Kauli: Kutoka Baraza la Tabora hadi Duka la Leicester

Asubuhi ya kwanza niliyoingia katika duka lile la magazeti mjini Leicester, mwezi Oktoba mwaka 2009, nilimkuta kijana wa Kihindi akibishana na mwenye duka kwa Kigujarati, na katika maneno yao yote sikuambulia ila moja tu: kaka. Kijana alimwita kaka, na mzee yule mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi akaitika. Nilikuwa nimekaa Uingereza wiki mbili tu, baridi imeniingia mifupani, na neno lile likanipa moyo hata nilipofika kaunta nikasema bila kufikiri, "Habari za asubuhi, kaka?" Mzee aliweka chini mkasi aliokuwa akikatia kamba za mafurushi ya magazeti, akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Wewe natoka wapi, bwana? Kenya?" Nilipomjibu kuwa natoka Tanzania, mkoa wa Tabora, uso ulimkunjuka. "Tabora! Kule iko asali mingi."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, ambacho hakijui ngeli na kwa miaka mingi kimeuza chumvi na sukari bila kuzihitaji. Baadaye ndipo nilipofahamishwa kwamba yule kijana hakuwa amesema Kiswahili hata kidogo. Katika Kigujarati kaka ni baba mdogo, mama ni mjomba, na dada ni babu mzaa baba, kwa hiyo mvulana anayemwita mwanamume mwenye masharubu "mama" amemheshimu ipasavyo. Tulilicheka sana jambo hilo, mimi na mzee. Hata hivyo, baada ya kufanya kazi pale karibu mwaka mzima, Jumamosi na jioni chache za katikati ya juma kama ruhusa yangu ya mwanafunzi ilivyoniwezesha, nimeona kwamba neno kaka kwa maana ile ya Kigujarati linaieleza biashara ya Mhindi ughaibuni vizuri kuliko maelezo mengi ninayoyasikia nyumbani kuhusu watu waliozaliwa na biashara kwenye damu.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kuielewa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka kumi na tisa cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la nguo la Mhindi mmoja mjini Tabora. Utaratibu ulijulikana na kila mtu: mteja huingia ndani akachagua kitambaa, akalipa, akatoka nacho hadi kwa fundi, akapimwa. Baba hakulipa kodi ya baraza wala hakulipwa mshahara, kwa kuwa yeye alimvutia mwenye duka wateja, na mwenye duka akamvutia yeye. Alimwita mwenye duka "tajiri", naye akaitwa "fundi", na sikumbuki hata siku moja kumsikia mmoja wao akilitaja jina la mwenzake. Jioni cherehani iliingizwa ndani ikafungiwa pamoja na majora ya kaniki na doti za khanga, na asubuhi baba alisimama nje akingoja itolewe. Nyuma ya kaunta hakuwahi kupita.

Kisa alichokisimulia mara nyingi kuliko vyote kilikuwa cha miaka ya mwanzo ya uhuru, kabla sijazaliwa. Alimwomba tajiri majora mawili ya kitambaa kwa mali kauli, yaani achukue bidhaa sasa na kuilipia akishauza, apate kushona sare za shule na kuzipeleka Urambo wakati wakulima wameuza tumbaku. Tajiri alimkatalia kwa upole, akamnunulia na chai. Katika wiki hiyohiyo mpwa wa tajiri, kijana asiyezidi miaka ishirini aliyetoka Mwanza, alipakiwa bidhaa nusu lori akafungue duka Nzega, naye hakutoa hata shilingi. Nilipokuwa kijana nilitarajia baba asimulie kisa hicho kwa uchungu, lakini yeye alikieleza kama mtu anayeeleza jinsi mashine inavyofanya kazi. "Hakuninyima kwa sababu nilikuwa mtu mbaya," alisema. "Alininyima kwa sababu hakumjua baba yangu."

Sijapata kusoma maelezo bora kuliko hayo. Mwenye bidhaa anapomkopesha mtu asiye na nyumba wala shamba la kuweka rehani, anachokihitaji ni mahali pa kumshika akikimbia, na mahali hapo kwa wafanyabiashara wa Kigujarati palikuwa ukoo, jamatini, msikitini, hekaluni, na kijiji kimoja kule Kutch au Saurashtra, magharibi mwa India, ambako baba wa mdaiwa na baba wa mdai walifahamiana. Kijana aliyekula mali ya baba yake mdogo hakupoteza duka tu, alipoteza pia mchumba, na dada zake wakakosa waume. Kwa dhamana kama hiyo hapakuhitajika wakili.

Mnyororo huo ulianzia Bombay na bandari za Kutch, ukapitia Unguja, ukavuka hadi Bagamoyo, kisha ukaingia bara. Allidina Visram alifika Unguja katika miaka ya 1860 akiwa bado mtoto, akatumika chini ya Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, mfanyabiashara ambaye jina lake hadi leo linatajwa na wagonjwa wa Muhimbili kila wanapoelekezwa jengo la Sewahaji. Kutoka kwa Sewa Haji alijifunza kupokea pembe na kutoa vitambaa, shanga na waya, kisha akafungua maduka yake kando ya njia ya misafara hadi Tabora na Ujiji, na reli ilipojengwa kutoka Mombasa akaifuata hadi Uganda. Alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yamepita mia moja, na katika mengi ya hayo aliyekaa nyuma ya kaunta alikuwa kijana aliyeletwa kutoka Kutch kwa nauli iliyolipwa na mwingine. Kijana wa namna hiyo alifanya kazi miaka kadhaa kwa chakula, malazi na fedha kidogo ya mfukoni, akajifunza lugha ya wateja, kisha akapewa mali kauli na kuambiwa aende mbele zaidi, kwa sababu mji aliokuwamo ulikuwa umeshajaa ndugu zake. Ndiyo maana duka la Mhindi lilifika mahali ambapo gari lilikuwa halijafika.

Hapa niseme kidogo kuhusu reli, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba wenye maduka ni wajukuu wa vibarua wake. Reli ya Uganda iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, na waliobaki baada ya mikataba kwisha hawakufika 7,000. Singasinga mafundi chuma wa Nairobi na Kisumu wengi asili yao ni huko. Wauza duka kwa sehemu kubwa walikuwa watu wengine, wa Gujarat na Kutch, waliopanda jahazi na baadaye meli kwa nauli zao au za jamaa zao.

Walichagua duka, lakini uchaguzi wenyewe ulikuwa mwembamba. Katika Kenya ya kikoloni ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa ajili ya Wazungu, na serikalini Mhindi aliweza kuwa karani lakini si bwana wa karani. Kwa upande wetu mlango ulifungwa kwa namna nyingine, ambayo baba hakuijua na mimi niliijua nikiwa mtu mzima: tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni Tanganyika ilikuwa na sheria iliyozuia deni la Mwafrika lisidaiwe mahakamani ila kwa kibali cha ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni ya kumlinda Mwafrika dhidi ya wakopeshaji, na huenda kati ya watunga sheria walikuwepo walioamini hivyo. Mwenye ghala la jumla aliielewa vingine. Kama ukimkopesha mtu huwezi kumshtaki, na baba yake humjui, humkopeshi. Tajiri wa baba alikuwa amekulia ndani ya desturi hiyo, na sheria ilipoondoka desturi ilibaki.

Waswahili tunasema baniani mbaya, kiatu chake dawa, na methali hiyo inabeba mambo mawili kwa pamoja, chuki na uhitaji. Neno bepari nalo limesafiri njia ileile. Asili yake ni neno la Kihindi la mfanyabiashara, na zamani kwetu lilikuwa na maana hiyo tu, mtu wa kununua na kuuza, lakini kufikia Azimio la Arusha la mwaka 1967 ubepari ulikuwa umekuwa jina la adui. Mwaka 1971 majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini ili yachukuliwe na maduka ya kijiji, na baba alikuwa akieleza jinsi wateja wake wa Urambo walivyoanza kuja mjini kutafuta chumvi. Mwaka 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, nilikuwa na miaka tisa, na nakumbuka rafu za tajiri zikiwa tupu na sabuni ikipatikana nyumbani kwake usiku kwa wale aliowaamini. Baba alikuwa mmoja wao. Kwa sabuni aliaminiwa. Mwaka uliofuata tajiri aliuza alichonacho akahamia Canada, na cherehani ikaendelea kukaa kwenye baraza lilelile kwa mwenye duka mwingine, ambaye naye alimwita baba "fundi".

Mzee wa Leicester alizaliwa Kisumu. Akiwa na miaka kumi na sita alipelekwa Jinja kwa baba yake mdogo, kaka wa kweli wa Kigujarati, akauze vitambaa na mafuta ya taa, na kufikia mwaka 1972 alikuwa na duka lake dogo, mke, na pasipoti ya Uingereza ambayo hakuwahi kufikiri kwamba angeihitaji. Tarehe 4 Agosti mwaka huo Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti hizo waondoke, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Waliopokewa Uingereza walizidi 27,000. Waliruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi kwa familia, na mzee aliniambia kwamba vito vya mkewe vilichukuliwa kimoja kimoja kwenye vizuizi vya barabara kati ya Jinja na uwanja wa ndege wa Entebbe, hata walipofika walikuwa wepesi kabisa. Walitua Stansted, wakapelekwa kambi ya Stradishall, iliyokuwa ya jeshi la anga. Wakati huo halmashauri ya jiji la Leicester ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, tarehe 15 Septemba, likiwasihi wasije Leicester kwa sababu nyumba, shule na hospitali zimejaa. Tangazo hilo mzee alilikumbuka kwa furaha ya ajabu. Alisema hakuwa amewahi kuusikia mji huo mpaka ulipomkataza kwenda.

Hakuanza na duka. Alifanya kazi zamu za usiku katika kiwanda cha soksi kwa miaka mitano, katika jiji ambalo kwenye uchaguzi wa halmashauri mwaka 1976 chama cha National Front, kilichotaka watu kama yeye warudishwe walikotoka, kilipata asilimia 18 hivi ya kura. Mwaka 1978 mume na mke wa Kiingereza waliokuwa wakistaafu waliuza duka lao la magazeti, kwa kuwa watoto wao hawakulitaka, na nilipomuuliza alipata wapi fedha alianza kuhesabu kwa vidole: shemeji wawili, binamu wa London, na upatu wa familia kumi na mbili waliojuana tangu Jinja na Kampala. Bidhaa za mwezi wa kwanza zilitoka kwa mwenye ghala ambaye baba yake alifanya biashara na yule kaka wa Jinja. Hapakuwa na karatasi. Nilimwambia kwamba sisi jambo hilo tunaliita mali kauli. Alilirudia neno mara mbili, akasema wao huliita udhaar, kisha akaongeza kwamba Amin alichukua duka, nyumba na gari, ila jambo hilo lilimshinda kwa kuwa hakujua linakaa wapi.

Wengi wanaotazama duka kama lile kutoka nje huona fedha ikiingia kutwa. Mimi niliona saa. Mafurushi ya magazeti yalitupwa mlangoni saa kumi na nusu alfajiri, na kabla ya saa kumi na mbili yalipaswa kuhesabiwa, kuingizwa viambatisho vyake, na kuandikwa kwa penseli namba za nyumba ili watoto wa kusambaza wayachukue. Faida ya gazeti moja ilikuwa peni chache. Tiketi ya bahati nasibu ya taifa ilimpa mwenye duka peni 5 kwa kila pauni. Sigara ziliingiza fedha nyingi lakini sehemu kubwa ilikuwa kodi ya serikali iliyopitia tu mikononi mwake, na kilichobaki kilitokana na maziwa, mkate, chokoleti, kadi za simu na pombe za jioni. Duka lilifungwa saa nne usiku. Jioni moja, mvua ikinyesha na wateja wamekatika, mzee alichukua mashine ya kupiga hesabu, akagawa faida ya mwaka kwa saa ambazo yeye na mkewe walisimama pale, akanigeuzia nione. Mimi nililipwa pauni 5.80 kwa saa, kima cha chini cha sheria wakati huo. Wao wawili walipata chini ya pauni 3 kwa saa kila mmoja.

Kwa hiyo duka lile liliishi kwa sababu watu wake hawakujilipa. Watoto watatu walifanyia kazi za shule juu ya makreti ya soda, na mkubwa wao, ambaye sasa ni mhasibu, aliniambia kwamba mpaka leo akinusa wino wa gazeti bichi tumbo humuuma kama mtu anayechelewa. Faida nyingine ilikuwa Jumapili. Sheria ya mwaka 1994 iliruhusu maduka makubwa ya Uingereza kufungua saa sita tu siku hiyo, lakini duka lisilozidi mita za mraba 280 likaachwa lifungue lipendavyo, na saa zile za pembeni, asubuhi mapema na usiku, zilikuwa shamba lake. Wakubwa nao walijua kusoma. Tesco ikaanza kufungua maduka madogo ya mitaani mwaka huohuo wa 1994, na Sainsbury's ikafuata miaka minne baadaye, yakiwa ya ukubwa unaokubaliwa na sheria, nayo yakafungua kutwa nzima ya Jumapili kwa wafanyakazi wa zamu na bei ambazo mzee alikuwa akizitazama dirishani kwao kama anayesoma tanzia.

Binti wa kwanza ni mfamasia, wa pili mwalimu, na mhasibu nimeshamtaja. Hakuna aliyelitaka duka, na mzee hakutaka walitake. Nilipomuuliza kama haoni uchungu alinishangaa. Mtu hukaa nyuma ya kaunta saa kumi na saba kwa siku, alisema kwa Kiswahili chake, ili mtoto asikae. Wale mume na mke wa Kiingereza waliomuuzia walikuwa wamesema karibu maneno hayohayo mwaka 1978. Tangu hapo nikisikia mtu wa kwetu akidai kwamba Mhindi ana damu ya biashara huwa namuuliza ni kizazi gani cha Wahindi anachokizungumzia, maana wanaofunguliwa milango mingine huiacha kaunta kwa mwendo wa haraka sana.

Katika mwezi wangu wa pili mzee alinipa funguo. Alikuwa na miadi hospitalini, mkewe aliandamana naye, na bila maneno mengi akaniachia duka, sanduku la fedha na namba ya siri ya king'ora. Siku hiyo nilisimama nyuma ya kaunta ya Mhindi, na nilimkumbuka baba akingoja cherehani yake nje. Waliporudi jioni nilimsimulia kisa cha majora mawili, mpaka mwisho, pamoja na lori la mpwa. Alisikiliza akipanga sigara kwenye rafu. Sikujua kama atamtetea tajiri wa Tabora au atamlaani, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Baba yangu pia angefanya hivyo. Jinja mimi pia nafanya." Nikamuuliza basi kwa nini amenipa mimi funguo. "Hapa hakuna mtoto ya ndugu," akajibu, akaendelea kupanga. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na bado sipendi jinsi linavyoniridhisha.

Aliliuza duka mwaka 2011, wakati nilikuwa nimeshamaliza masomo na kupata kazi ya muda jijini humo. Mnunuzi alikuwa kijana wa Diu, kisiwa cha pwani ya Gujarat kilichokuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961, ambacho wenyeji wake wengi, kwa sababu hiyo, wanaweza kupata uraia wa Ureno na kwa huo waliingia Uingereza wakiwa watu wa Ulaya. Leicester ilikuwa na maelfu yao. Kijana huyo alikuwa akipakia sandwichi kiwandani zamu za usiku, mkewe vilevile, na fedha za kununulia zilitoka kwa jamaa watano wa Lisbon na London. Walikutana na mzee hekaluni. Nilikuwepo siku ya makabidhiano kwa sababu niliombwa kusaidia kuhesabu bidhaa, kazi iliyotuchukua tangu asubuhi hadi adhuhuri, pakiti kwa pakiti.

Mwishoni mzee alitoa chini ya kaunta daftari la shule lenye jalada jekundu, ambalo katika mwaka mzima sikuwa nimewahi kuonyeshwa ndani yake. Yalikuwemo majina ya wateja wanaoruhusiwa kuchukua sasa na kulipa mwisho wa wiki: wajane wawili wa Kiingereza, dereva wa basi kutoka Jamaika, Mpolandi wa ghorofani, na wengine. Alimpitishia kijana jina moja baada ya jingine kwa Kigujarati, na kila jina aliliwekea maneno mawili matatu. Jina langu lilikuwa la kumi na moja. Mbele yake paliandikwa pauni 6 na peni 40, za maziwa, mkate na kadi ya simu ya kupigia nyumbani, na kijana akaniangalia, akamwangalia mzee, kisha akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyenidhamini.